Nimetoka nje ya mpango wa utafiti niliousajili. Niseme au ninyamaze?

#1 Kalamu Kavu

Wakuu, habari zenu.

Miaka miwili iliyopita nilisajili mpango wa utafiti wangu kwenye Open Science Framework (tovuti ya watafiti kuweka mipango yao hadharani) kabla sijakusanya chochote. Jaribio lenyewe dogo tu: kundi moja linasoma orodha ya maneno kwa sauti, jingine linasoma kimya kimya, halafu tunaangalia nani anakumbuka zaidi. Niliandika kwamba nitapata washiriki 240, watarudi kupimwa baada ya siku 7, na "washiriki wasio makini wataondolewa".

Kilichotokea: nimepata 188. Wengine wamerudi siku ya 6, wengine ya 11. Na hao "wasio makini" ndio wananitoa jasho. Jana usiku nimefungua ile faili, nimeisoma hiyo sentensi mara tatu, sikumbuki nilimaanisha nani. Anayebofya harakaharaka? Anayejibu jibu lilelile mwanzo mwisho? Sikuandika.

Sasa makala iko mezani. Mwandishi mwenzangu anasema tuandike "utafiti huu ulisajiliwa kabla", tuweke kiungo, tusonge. Atakayetaka kulinganisha atalinganisha mwenyewe. Mimi nasita. Nyie wenzangu huwa mnafanyaje?

#2 Mzee wa Maabara

Sema. Basi.

#3 Nukta Sifuri Tano

Mzee kaufunga uzi kabla haujaanza, haha.

Mkuu, mbona hapo sioni kosa? Mpango si msahafu. Watu hawakutokea, ulitaka ukawakamate kwa nguvu? Hii dini mpya ya kusajili kila kitu imewafanya watafiti waogope kutumia akili zao. Zamani mtu alifanya utafiti wake, akaandika alichokiona.

#4 Dada Mhakiki

@Nukta Sifuri Tano, hiyo zamani unayoililia ndiyo iliyotufikisha hapa. Mtu alikuwa anarusha mshale ukutani kwanza, kisha anachukua chaki na kuchora duara pale ulipochoma, halafu anatuita tumpigie makofi.

Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn waliifanya michezo hiyo makusudi ili watu waone. Ukijiruhusu uhuru kidogo hapa na pale (unaongeza washiriki wachache, unachagua kipimo kimoja kati ya viwili, unaliweka kundi moja pembeni) unaweza kupata "matokeo" kwa zaidi ya asilimia 60 ya majaribio hata pale ambapo hakuna kitu kabisa. Wakaonyesha, kwa takwimu zinazopita bila swali, kuwa kusikiliza wimbo fulani kunampunguzia mtu umri. Simaanishi kujisikia kijana. Umri wenyewe, ule wa tarehe ya kuzaliwa.

#5 Mgeni wa Jana

Wimbo gani huo, nianze leo?

#6 Bibi Plasebo

Niseme kidogo upande wa majaribio ya tiba, maana wenzetu wa saikolojia wamekuja juzi tu. Rejista ya ClinicalTrials.gov ilifunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2007 wahariri wa majarida makubwa ya tiba wakasema jaribio ambalo halikusajiliwa hawalichapi. Na tofauti ilionekana. Kaplan na Irvin walichukua majaribio makubwa 55 ya kutibu na kukinga magonjwa ya moyo na mishipa, yote yamefadhiliwa na taasisi ya taifa ya moyo, mapafu na damu ya Marekani. Yaliyochapishwa kabla ya 2000, 17 kati ya 30 yalionyesha tiba inasaidia. Baada ya hapo, 2 kati ya 25. Usajili umeua miujiza, wanangu.

#7 Mtunza Tarehe

Shikamoo Bibi. Marekebisho kidogo. Wahariri hao, ile kamati ya kimataifa ya ICMJE, walitangaza Septemba 2004, na sharti likaanza kwa majaribio yanayoandikisha wagonjwa kuanzia tarehe 1 Julai 2005. Ya 2007 ni sheria ya Marekani, iliyopanua usajili na kudai matokeo nayo yawekwe kwenye rejista.

Halafu hao Kaplan na Irvin (2015) walikuwa na majaribio 55 tu, na mwaka 2000 si usajili peke yake uliobadilika katika tiba ya moyo. Wagonjwa wa kundi la plasebo (dawa bandia ya kulinganishia) nao siku hizi wanatibiwa vizuri zaidi, kwa hiyo ni vigumu dawa mpya kuonyesha cha ziada. "Umeua" ni neno zito.

#8 Bibi Plasebo

Marahaba. Nimepokea, tarehe zimeanza kunikimbia. Ila 17 kwa 30 na 2 kwa 25 sijakosea, kaangalie.

#9 Msoma Rejista

Swali kwa mleta uzi, na ujibu kama ulivyo. Umetaja idadi ya washiriki, umetaja siku, umetaja walioondolewa. Kipimo kikuu, kile kimoja ambacho utafiti wako utahukumiwa nacho, hujakitaja popote. Ulisajili kipi, na rasimu yako inasema kipi?

#10 Mgeni wa Jana

Ngoja nivute kiti.

#11 Kalamu Kavu

Haya.

Nilichosajili ni idadi ya maneno wanayokumbuka baada ya siku 7. Hapo makundi hayajatofautiana. Lakini tuliwapima pia papo hapo, dakika tano baada ya kusoma, na hapo p ni 0.03, yaani chini ya ile 0.05 ambayo kwa mazoea ndiyo mpaka wa kusema "tofauti ipo". Rasimu ya sasa inafungua na hicho cha papo hapo. Cha siku 7 kiko aya ya mwisho ya matokeo, sentensi mbili.

#12 Mgeni wa Jana

Kumbe washiriki 188 walikuwa pazia tu, mgonjwa mwenyewe yuko chumba cha ndani.

#13 Nukta Sifuri Tano

Hapo hata mimi nameza mate.

#14 Msoma Rejista

Asante kwa kusema, wengi hawasemi. Ndiyo maana nimeuliza: mikengeuko haina uzito sawa. Kupungukiwa washiriki ni ajali. Kubadilisha kipimo kikuu baada ya kuona majibu ni kuhamisha goli mpira ukiwa hewani.

Na si wewe peke yako. Kuanzia mwishoni mwa 2015, timu ya Ben Goldacre huko Oxford ilikagua kwa wiki sita kila jaribio lililochapishwa katika majarida matano makubwa kabisa ya tiba. Mradi wao uliitwa COMPare. Majaribio 67. Yaliyoripoti vipimo vyote kama ilivyopangwa, au yakatamka mabadiliko yao, yalikuwa 9. Vipimo 354 vilivyoahidiwa havikuonekana kwenye makala, na vipya 357 viliingia bila hodi. Wakaandika barua za kusahihisha 58, zikachapishwa 23. Baadhi ya wahariri walikuja juu, wakasema rejista si mpango wenyewe, mpango uko kwenye hati nyingine. Wengine wakasema wasomaji wanaotaka kulinganisha watalinganisha, kama asemavyo mwenzako.

Sasa nikueleze kulinganisha kwenyewe kunakuwaje. Mwaka fulani nilipewa makala niihakiki. Nikafungua makala kushoto, rejista kulia, nikabofya historia ya mabadiliko. Matoleo saba. La kwanza linasema kipimo kikuu ni maumivu wiki ya 12. La pili na la tatu hivyo hivyo. La nne: wiki ya 6. Nikashuka chini kutafuta tarehe. Lilibadilishwa wiki tatu baada ya mgonjwa wa mwisho kumaliza. Kazi hiyo ilinichukua jioni nzima, na ni makala moja. Nikamwandikia mhariri. Waandishi wakajibu kwa mstari mmoja: "kosa la uandishi kwenye rejista limesahihishwa". Makala ikatoka.

#15 Mlezi wa Tasnifu

Naheshimu hasira ya @Msoma Rejista, ila tusimfanye kila mtu mwizi. Mimi nasimamia wanafunzi, na ninachokiona zaidi ni mpango mbovu na kumbukumbu fupi. Mwanafunzi anasajili usiku, kesho yake anaanza kukusanya. Kwenye mpango kaandika "tutatumia regresheni". Hizo ni njia za takwimu za kupima uhusiano, na ziko nyingi. Regresheni ipi? Na vigezo gani ndani yake? Baada ya mwaka na nusu anakuja na jedwali, namuuliza, "hivi ndivyo ulivyopanga?" Ananiangalia, anasema nadhani ndiyo.

Huyo kakengeuka au hakukengeuka? Mpango wake unaruhusu kila kitu. Claesen na wenzake walilinganisha tafiti 27 zilizosajiliwa kabla, zilizotoka katika jarida moja kubwa la saikolojia kati ya 2015 na 2017, na mikengeuko isiyotamkwa ilikuwa jambo la kawaida, ilhali makala zote zilikuwa zimevikwa beji ya usajili. Nina hakika wengi wao hawakujua kama wamekengeuka. Hawakurudi kusoma walichoandika.

#16 Kichwa Ngumu

Nyote mnazunguka mbuyu. Watu hawasemi kwa sababu ukisema unapigwa.

Mimi nilisema. Makala yangu ilikuwa na jedwali la mikengeuko lenye mistari 11, kila mstari na sababu yake. Mhakiki wa pili akaandika kuwa wingi wa mabadiliko "unatia shaka kama waandishi walikuwa na udhibiti wa utafiti wao". Ikakataliwa. Tukapeleka jarida jingine na jedwali la mistari 4. Ikapita, tena tukasifiwa kwa uwazi.

Najua mnavyoniangalia sasa hivi.

#17 Dada Mhakiki

Ndugu yangu, mimi nimo katika kundi la wahakiki na hiyo imenichoma. Nimewahi kuandika maneno yanayofanana na hayo, na sikuwaza kuwa aliyenyamaza kwenye makala ya jirani huenda ana mistari 20 nami nimempitisha.

Ila lazima nikuulize. Ile mistari saba iliyobaki nje ilikuwa ipi?

#18 Kichwa Ngumu

Midogo midogo. Kubadilisha programu ya takwimu, mshiriki mmoja kurudiwa kipimo, vitu kama hivyo.

Mmoja haukuwa mdogo.

#19 Mzee wa Maabara

Huo mmoja ndio utafiti wako.

#20 Mtunza Tarehe

Kabla hatujamsulubisha mtu, kubadilisha kipimo kikuu chenyewe si dhambi kila mara. Mnakumbuka jaribio la Marekani la remdesivir, dawa ya UVIKO-19, mwaka 2020, lile la ACTT-1? Walianza na kipimo cha ngazi nane za hali ya mgonjwa siku ya 15. Ugonjwa ulikuwa mpya, hakuna aliyejua unachukua siku ngapi. Ilipoanza kuonekana kuwa unakwenda mrefu kuliko walivyodhani, wakahamia kwenye muda wa kupona hadi siku ya 29. Walioamua hawakuwa wameona nani kapata dawa na nani plasebo katika matokeo, na badiliko wakaliandika kwenye makala. Bado walisemwa sana, na ni haki wasemwe, ila kila kitu kilikuwa juu ya meza.

Kwa hiyo swali langu kwa mtu yeyote huwa moja: ulipoamua kubadilisha, ulikuwa umeshaona nini?

#21 Bibi Plasebo

Na kinyume chake kipo. Jaribio la CLASS la celecoxib, dawa ya maumivu, lilichapishwa 2000, lilitoa matokeo ya miezi 6 na vidonda vya tumbo vikaonekana vichache. Kumbe ni majaribio mawili yaliyokuwa yamepangwa kwenda muda mrefu zaidi, na data za mbele zilikuwepo. Zilipotazamwa zote, nafuu ile ya vidonda ikayeyuka. Hakuna aliyedanganya namba hata moja. Walikata tu kamba pale palipowapendeza.

#22 Nukta Sifuri Tano

Sawa, nimewaelewa, lakini na mimi nisikilizwe. Mkiwabana watu hivi, nani atagundua kitu kipya? Jambo la ajabu kwenye data halijisajili. Pia hata ukisajili, uchambuzi wenyewe ni mchezo wa bahati. Kuna ule utafiti ambapo timu 29 zilipewa data moja ya kadi nyekundu za wachezaji wa mpira, zikaulizwa kama wenye ngozi nyeusi wanapewa zaidi. Timu 29, majibu 29. Sasa mpango wa nani ndio mpango?

#23 Mtunza Tarehe

Timu 20 zilipata uhusiano wa kuaminika kitakwimu, 9 hazikupata. Ukubwa wa athari ndio ulitofautiana timu hadi timu. Si kwamba kila mmoja alikwenda upande wake.

#24 Nukta Sifuri Tano

Wewe jamaa huwa unalala kweli?

#25 Dada Mhakiki

Hakuna anayekukataza kugundua, mkuu. Gundua, kisha andika "hili hatukulipanga, tumelikuta". Maneno matatu. Kinachokatazwa ni kulikuta njiani halafu kuapa kwamba ndilo ulilotoka nyumbani kulifuata.

#26 Sauti za Mahojiano

Samahani nauingilia uzi. Sisi tunaofanya mahojiano na kuishi na watu, mpango wetu hubadilika wiki ya kwanza na ndivyo inavyotakiwa. Mtu akikuambia jambo ambalo hukulifikiria, unamuuliza zaidi. Sisi tusajili nini?

#27 Mlezi wa Tasnifu

Sajilini mlikoanzia, na daftari la kila mlipogeuka. Sijui kama hiyo ni usajili au shajara. Ufunguliwe uzi wake.

#28 Mgeni wa Jana

Swali la mbumbumbu. Kwa nini jarida lisikubali makala kabla matokeo hayajapatikana? Hapo nani atakuwa na haja ya kuficha?

#29 Msoma Rejista

Si la mbumbumbu. Lipo. Chris Chambers aliuanzisha mtindo huo kwenye jarida la Cortex mwaka 2013: unapeleka swali na mbinu, wahakiki wanakosoa, unakubaliwa, ndipo unakusanya data. Scheel na wenzake (2021) walilinganisha tafiti 71 za saikolojia za aina hiyo na 152 za kawaida. Za kawaida, asilimia 96 zilithibitisha nadharia tete yao ya kwanza. Za aina hii, asilimia 44. Ukitaka kubadilisha mpango, unamwandikia mhariri kabla.

#30 Kichwa Ngumu

Unamwandikia mhariri, unasubiri. Mshiriki kashasimama mlangoni.

#31 Mzee wa Maabara

Ngojeni niwape ya 2024 basi. Makala iliyotoka 2023 kwenye jarida la Nature Human Behaviour, ikidai kwamba ukisajili kabla, ukatumia sampuli kubwa na kuweka mbinu wazi, matokeo yako yatarudiwa vizuri na wengine. Waandishi ni vigogo wa usajili wenyewe. Septemba 2024 ikaondolewa. Moja ya sababu: makala ilisema uchambuzi ulisajiliwa kabla, na ule uliobeba dai la kwenye kichwa chake haukuwa umesajiliwa.

#32 Mgeni wa Jana

Kinyozi hajinyoi, mzee wangu.

#33 Mlezi wa Tasnifu

Na ndiyo hoja yangu ya #15. Waandishi wenyewe walisema mradi ule ulichukua miaka mingi na kumbukumbu ziliwachanganya. Kama wao wamechanganyikiwa, mwanafunzi wangu atapona?

#34 Msoma Rejista

Au ndiyo hoja yangu ya #14: hakuna aliyelinganisha hadi wakosoaji wawili watatu walipoketi kusoma hati moja moja.

#35 Dada Mhakiki

Mtabishana hadi asubuhi. Kalamu Kavu, bado upo? Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kila mkengeuko mstari wake: ulisajili nini, ulifanya nini, kwa nini, uliamua lini na wakati huo data ulikuwa umeziona au la, na kama jibu linabadilika ukifuata mpango wa awali. Willroth na Atherton walitoa mwongozo wenye sura hiyo mwaka 2024, haina uchawi.

Kwa siku: rudia uchambuzi na waliorudi siku ya 7 tu, uweke yote mawili. Kwa "wasio makini": toa matokeo bila kumwondoa mtu, halafu na kila tafsiri uliyoifikiria. Kwa 188: kiri kuwa nguvu ya kugundua tofauti ndogo imepungua. Na siku 7 irudi juu ya makala, iseme haikuona tofauti. Papo hapo ifuate, kwa jina lake: tumelikuta.

#36 Nukta Sifuri Tano

Na mwandishi mwenza akigoma?

#37 Kichwa Ngumu

Atagoma.

#38 Kalamu Kavu

Nipo, nilikuwa nasoma kimya kimya (kundi la pili, haha). Asanteni.

Nimeandika jedwali leo. Mistari 6, mmoja sikuwa nimeukumbuka hata nilipofungua uzi huu: orodha ya maneno yenyewe tuliibadilisha baada ya washiriki 15 wa kwanza kwa sababu maneno mawili yalikuwa yanafanana mno. Siku 7 imerudi juu. Mwenzangu kakubali mitano bila neno. Wa kipimo kikuu anataka tuandike "tuliripoti vipimo vyote viwili", bila kusema kipi kilisajiliwa. Tumezungumza kwa simu karibu saa nzima. Anasema hatujaficha kitu, kiungo kipo.

#39 Msoma Rejista

Safu ya "uliamua lini" mmeijaza kwenye huo mstari?

#40 Kalamu Kavu

Tumeiacha wazi.